Daktari Asiye na Fizikia

Nyumbani kwetu Tabata tuliishi na daktari miaka minne bila hospitali yoyote kumfahamu. Ilianza binti yetu wa kwanza alipopata A ya Biolojia katika mtihani wa kidato cha pili. Tangu siku ile Baba Watoto hakumwita tena kwa jina alilopewa na bibi yake. "Daktari, niletee maji ya kunawa." "Daktari katumwa mkaa." Mtoto mwenyewe kainamia masufuria uani, masizi hadi viwikoni, na mgeni akiingia anatambulishwa: "Huyu ndiye daktari wetu."

Watu wakasadiki. Mama wa nyumba ya pili alileta kitoto chenye upele. Mzee mmoja anayecheza bao na mume wangu alikunja suruali sebuleni kwangu, akaliweka goti lililovimba juu ya stuli, akasubiri. Binti alilitazama lile goti kwa heshima zote, akasema, "Babu, nenda zahanati." Baba Watoto akajipiga paja kwa furaha. "Mmeona? Rufaa hiyo! Ameshaanza kutoa rufaa!"

Sasa, udaktari katika nchi hii hauchaguliwi mtoto akishamaliza kidato cha sita. Siku hiyo watu huwa wanagombana tu. Unachaguliwa kidato cha nne, pale anapojaza fomu ya tahasusi, akiwa bado anaomba hela ya daladala. PCB ni Fizikia, Kemia na Biolojia, na ndiyo njia ya kwenda udaktari wa binadamu. CBG ni Kemia, Biolojia na Jiografia, na hiyo ina njia zake nyingine nyingi, ila hiyo moja haimo. Herufi zinafanana. Kwa mtu aliyekodolea macho televisheni, ni kitu kimoja.

Na Baba Watoto alikuwa kakodoa. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka: Jiografia A, Fizikia D. TAMISEMI walikuwa wamefungua mtandao wa Selform kwa wanaotaka kubadili machaguo yao, na binti akapiga hesabu zake. Alimfuata baba yake sebuleni, akasimama kando ya kochi kama ilivyo adabu. "Baba, nimebadilisha. Nimeweka CBG." Kwenye televisheni walikuwa wanaonyesha dabi ya Simba na Yanga, tena si mechi yenyewe, marudio, matokeo anayajua. "Sawa sawa, Daktari," akajibu bila kugeuza shingo. "Hiyo hiyo."

Mimi nilikuwa napiga pasi. Usiku nikamwambia, "Mwanao hasomi Fizikia tena." Akanijibu, "Fizikia ya nini? Kwani anakwenda kutengeneza redio?" Nikazima taa.

Miaka miwili ya bweni ikapita. Mei mtihani, na kabla hatujamlisha akanenepa, jina lake likatoka kwenye orodha ya Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorudishwa mwaka 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita. Akapangiwa kambi ya Kigoma. Tulimsindikiza stendi na begi, ndoo na raba. Simu yake akaiacha nyumbani, kwani kambini hakutegemea kukaa nayo. Hapo ndipo penye kichekesho cha ratiba yetu: matokeo hutoka Julai, vyuo hufungua dirisha la maombi Julai hiyo hiyo, na mwenye matokeo yuko porini anaimba chenja saa kumi alfajiri. Kozi yake inabaki mikononi mwa walioko nyumbani.

Matokeo yalipotoka, kaka yangu, yule anayefanya kazi ya uwakala wa forodha bandarini, ndiye aliyeyaona kwanza. Akapiga simu anahema. "Dada, ana kumi na moja!" Baba Watoto naye alikuwa ameshaonyeshwa na kijana wa steshenari. "Shemeji umeona vibaya. Ana saba. Divisheni ya kwanza, pointi 7."

Ugomvi uliofuata ulimaliza vocha mbili. Na wote wawili walikuwa sahihi. Binti alipata Biolojia B, Jiografia B, Kemia C. Kwenye divisheni za Baraza la Mitihani, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, kwa hiyo ana 7, na anayepata chache ndiye bingwa. Vyuo vikuu hugeuza kibao: A ni 5, B ni 4, C ni 3, kwa hiyo ana 11, na anayepata nyingi ndiye bingwa. Anayetaka shahada anatakiwa awe na angalau masomo mawili ya prinsipo yenye jumla ya pointi 4, halafu kila kozi inaongeza masharti yake. Baba Watoto alielezwa hili mara kadhaa na mpaka leo anaamini kuna pointi nne zimeliwa njiani.

Jumapili ikaitishwa baraza. Nilipika pilau, maana ndugu wa mume hawashauri kwa chai kavu. Wifi yangu alifika na kitambulisho cha kazi shingoni ingawa ofisi ilikuwa imefungwa. Kaka yangu akaja na kijitabu cha hesabu. Mwalimu mstaafu wa jirani akaalikwa kama shahidi asiye na upande, naye akaja na rundo la karatasi zilizobanwa kwa pini: kurasa za mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, alizochapisha kwa pesa yake. Tuliziona tukadhani ni za mambo ya kanisa.

Wifi akafungua. Yeye alitaka ualimu wa sayansi. "Mwalimu hakosi pa kushika." Mwalimu mstaafu akakohoa kidogo, akasema anawafahamu vijana kadhaa wenye digrii za ualimu wanaosubiri ajira na huku wanauza vocha, ila aendelee tu. Kaka yangu akasema ugavi na usafirishaji, kontena hazitaisha duniani. Wakatajana watoto wa jamaa: fulani kasomea uhasibu anajenga Goba, fulani kasomea sosholojia yuko kwao. Kozi zilijadiliwa kwa nyumba zilizojengwa, na hakuna hata mmoja aliyetaja kazi inayofanyika humo ndani asubuhi hadi jioni. Baba Watoto aliwaacha wote waseme, anatabasamu, anachokonoa meno, kama mtu mwenye tiketi mfukoni. Kisha akasema, "Mmemaliza? Sasa Mwalimu atusomee ya udaktari, tufunge kikao."

Mwalimu akalamba kidole, akafunua. Mwongozo ule una mpangilio mzuri, nausifu: kila chuo na kozi zake, msimbo wa kozi, sifa za kuingilia, idadi ya nafasi, miaka ya kusoma. Akaweka kidole kwenye mstari. "Udaktari wa binadamu. Miaka mitano. Prinsipo tatu: Fizikia, Kemia, Biolojia." Akanyanyua uso juu ya miwani. "Binti ana Kemia. Ana Biolojia. Fizikia yake iko wapi?"

"Soma tena," alisema Baba Watoto.

Akasoma tena. Fizikia ikawa bado ipo pale pale. Wifi akaacha mfupa. Baba Watoto akachukua karatasi ya matokeo, akaigeuza nyuma, huenda Fizikia iliandikwa upande wa pili. Kisha akaniangalia mimi, na kwa sauti ya mtu aliyekuta mgeni kitandani mwake akauliza, "Hii Jiografia imeingiaje kwenye nyumba yangu?"

Nikamkumbusha marudio ya dabi. Nikamkumbusha na redio. Kaka yangu akaomba pilau nyingine ili apate pa kutazama.

Mume wangu hakukubali kushindwa siku hiyo, wala wiki hiyo. Alianza kuzunguka na zile karatasi akitafuta kozi yoyote yenye neno afya au tiba ndani yake, hata likiwa mwishoni. Kijana wa steshenari akampatia moja ya afya ya mazingira, ambayo Jiografia inakubalika, na kwenye tovuti ya chuo kulikuwa na picha ya mtu mwenye koti jeupe. Koti likamaliza kazi. Akalipa ada ya maombi, akaacha namba ya mtihani ya binti, akarudi nyumbani amepona. Hakutuambia. Wifi yangu naye, huko kwake, akaingia kwenye mtandao wa chuo kingine akaomba ualimu wa Kemia na Biolojia. Hakutuambia. Yawezekana sana jambo hili: tangu mwaka 2017 mwombaji huomba moja kwa moja kwenye kila chuo, na ukishakuwa na namba ya mtihani ya mtoto, chuo hakijui kama anayebonyeza ni yeye au ni shangazi yake.

Mwenye mtihani alipiga simu Jumapili iliyofuata, kwa simu ya kuazima, sauti imekauka kwa kuimba. Baba yake akaanza kumweleza habari za koti jeupe. Binti akasikiliza mpaka mwisho. "Shikamoo baba. Sawa baba. Naomba mama." Nilipoweka sikio akasema haraka haraka, "Mama, daftari la kijani, droo ya cherehani, ukurasa wa mwisho." Simu ikakatika.

Mimi ni fundi cherehani. Droo ile naifungua kila siku kutafuta chaki, na daftari lilikuwa chini kabisa, limefungwa kwa ulasitiki wangu mwenyewe. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umechorwa mistari kwa penseli. Kozi tano, kila moja na msimbo wake, masomo inayotaka, nafasi, miaka, na safu ya mwisho aliyoiita "Nitakuwa nafanya nini", ameijaza kwa mwandiko mdogo. Ya kwanza: Misitu, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, miaka mitatu. Kwenye safu ile ya mwisho aliandika: kupima miti, kuhesabu, kulala porini, kubishana na wachoma mkaa. Katikati ya kurasa kulikuwa na jani lililokaushwa, limebandikwa kwa selotepu, chini yake ameandika mkulo, na jina la kitaalamu, Ocotea usambarensis. Ni mti wa kwetu Lushoto. Alilichuma likizo moja alipokwenda kwa bibi yake, nami nilidhani wakati ule anakwenda Magamba kutembea tu kama watoto wengine.

Nilikwenda kwa Mwalimu mstaafu jioni ile ile. Tuliomba kwa simu yake, mimi nasoma daftari, yeye anabonyeza kwa kidole kimoja. Mahali pa namba ya simu tukaandika ile aliyoiandika binti mwenyewe. Nami sikumwambia mtu. Nyumba ikawa na wapiganaji watatu, kila mmoja anamchekea mwenzake.

Mambo ya mkopo nayapita haraka, maana anayeyajua anayajua: cheti cha kuzaliwa kuhakikiwa RITA, kitambulisho cha mdhamini, picha, sahihi, mhuri wa serikali ya mtaa, na mtendaji ambaye kila ukifika katoka sasa hivi.

Majina ya awamu ya kwanza yakatoka. Baba Watoto akarudi na jogoo. "Amechaguliwa!" Kabla hatujashika kisu, wifi akapiga simu anapiga vigelegele: amechaguliwa. Mwalimu naye akatokea uchochoroni, kofia mkononi: amechaguliwa. Vyuo vitatu, mtoto mmoja, jogoo mmoja. Tukatazamana. Jogoo akapata nafuu ya siku mbili.

Mwalimu akatueleza utaratibu. Aliyechaguliwa chuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja tu, kabla ya siku iliyotajwa. Hutumiwa namba ya siri kwa ujumbe, kwenye simu iliyoandikwa wakati wa kuomba. Unaingia kwenye akaunti ya chuo unachokitaka, unaijaza, basi. Usipothibitisha, nafasi inakwenda kwa mwingine. Wifi, nimpe haki yake, alijitoa hapo hapo. "Mimi nilitaka tu asikose." Baba Watoto hakujitoa. Alivaa viatu.

Lakini alikuwa na tatizo. Siku ya kuomba, kitochi chake kilikuwa hakina chaji, na kijana wa steshenari, kwa ukarimu, akaandika namba yake mwenyewe. Sasa steshenari ilikuwa na kufuli. Kijana alikuwa amekwenda kwao Singida msibani na simu haipatikani.

Nami nilikuwa na langu. Simu ya binti ipo, iko kwenye chaji, ila nilipoifungua nikakuta ndani yake laini ya mdogo wake wa kiume, aliyekuwa kidato cha pili, ambaye aliona ofa ya bando akaona dada yake hana matumizi. "Laini ya dada iko wapi?" "Niliiweka kwenye kopo la vifungo, mama." Kopo la vifungo la fundi wa miaka mingi si la mchezo. Tulimwaga mkekani. Vifungo vya sare za shule, vya makoti, vya mashati ya watu waliokwishafariki, sindano zilizovunjika, sarafu za zamani, jino la mtoto, funguo ya kufuli tuliyokata kwa msumeno miaka ile. Laini hakuna. Mdogo mtu akaanza kulia. Nikamwambia alie huku anatafuta.

Kilichotuokoa ni kwamba laini ile tuliisajili binti akiwa mdogo, hana kitambulisho cha taifa, kwa hiyo jina ni langu na alama za vidole ni zangu. Nikamchukua Mwalimu tukaenda kwa wakala aliyekaa chini ya mwavuli karibu na kituo cha daladala, nikasema nataka kurudisha laini. Akanipa kile kidude cha kuwekea kidole. Nikaweka dole gumba. Kikakataa. "Futa, mama." Nikafuta kwa kanga. Kikakataa. Cha shahada, kikakataa. Vidole vya fundi cherehani vimechomwa na sindano na kukwanguliwa na mkasi mpaka mistari imepotea, na foleni nyuma yangu inaongezeka, kila mmoja na ushauri wake: pitisha kwenye nywele, pakaa mafuta, osha na maji ya moto. Wakala akajaribu kidole kwa kidole kama anayekagua embe. Kidole cha pete cha mkono wa kushoto ndicho kilichokubali.

Laini ikasimama. Mwalimu akaingia kwenye akaunti, akaomba namba ya siri itumwe upya, tukasubiri pale pale chini ya mwavuli, watu wa foleni nao wakasubiri, wameshakuwa wadau. Ujumbe ukaingia. Mwalimu akanitazama. "Mama, una uhakika?" Nikamwambia mwenye uhakika yuko Kigoma, amekwishaandika. Akabonyeza.

Baba Watoto alirudi usiku, vumbi hadi kwenye nyusi, amempata kijana kwa simu ya shangazi wa kijana, namba ya siri ameiandika kwenye kiganja kwa kalamu. Nikamwekea maji ya kunawa, nikamweleza wakati mikono imo kwenye beseni. Alikaa kimya muda. Wino ukawa unatoka taratibu. Kisha akauliza, "Misitu? Miti si inaota yenyewe?"

Siwezi kusema alikubali usiku ule. Alikubali kwa awamu, kama mkopo. Kwanza alimuuliza Mwalimu kama huko Morogoro wanatoa shahada ya uzamivu, akaambiwa wanatoa. Akauliza mwenye uzamivu anaitwaje. Alipojibiwa, akajinyoosha mgongo. Jogoo akachinjwa kesho yake.

Binti alirudi kutoka kambini mweusi, mwembamba, anatembea kwa hatua za gwaride hadi jikoni. Baba yake alimwomba aeleze hiyo kazi ya misitu ni nini hasa, na safari hii televisheni ilikuwa imezimwa. Alimsikiliza mpaka ugali ukapoa. Tangu hapo mtu akikaa naye kwenye bao ataambiwa kwamba Tanzania ina hekta milioni 48 za misitu na mapori, na kwamba haiwezekani zote zikaachiwa wachoma mkaa. Binti alipokwenda mafunzo kwa vitendo Olmotonyi, kwenye msitu wa chuo miteremkoni mwa Meru, baba yake alimnunulia buti. Cheo hakukifuta, alikirekebisha tu: Daktari wa Miti. Wagonjwa wamepungua, ingawa mzee wa goti bado anakuja.

Mdogo wake naye amefika mahali pa kujaza tahasusi. Mambo yameongezeka: mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya 49 juu ya 16 za zamani, zikawa 65, zimo za lugha, za biashara, za michezo na za sanaa. Baba Watoto alizisoma zote, kwa miwani, mtoto kakaa mbele yake, akamuuliza moja moja inampeleka wapi na haimpeleki wapi. Kijana ametaka masomo ya biashara. Hakuna aliyempa cheo.

Nawe mzazi ambaye kijana wako anakwenda JKT mwaka huu, kaa naye jioni moja kabla ya safari, akuonyeshe alichoandika na mwongozo ukiwa wazi mbele yenu. Na laini iliyojazwa kwenye fomu ikae ndani ya simu inayowaka, kwa jina la mtu mwenye vidole vinavyosomeka.